Bi Nuriya na Uwanja wa Bendera

Mjini Kipini kila mtu huukata uwanja wa bendera katikati, hata mbuzi. Bi Nuriya peke yake ndiye aliyekuwa akiuzunguka. Akienda kisimani hupita kandokando, nje ya mawe ya mpakani, ndoo kichwani, na kisima chenyewe anakiona mbele ya macho yake.

Vijana walimtania. "Bi Nuriya, pita kati! Mzungu ashakwenda zake!"

"Basi akirudi atanikuta sina kesi," hujibu, wakacheka, naye akacheka nao.

Nilihamia kwake wakati wa mvua za Elnino, mto Tana ulipofurika ukatutoa kwetu Minjila. Alikuwa rafiki wa marehemu mamangu, umri umepita sabini, hana mume wala mtoto. Chumba alichoishi si chake, na makuti yalivuja. Mvua ikinyesha tulihamisha kitanda kona hadi kona. Siku moja nikamwuliza, "Mama, uwanja ule una nini?"

Akanieleza. Zamani hapakuwa na uwanja pale, palikuwa na mtaa, nyumba zimebanana, na ya bibi yake mzaa mama ikiwemo. Serikali ya wakoloni ilitaka mahali pa kupandisha bendera na kupanga askari gwaride. Nyumba zikabomolewa. Wafungwa wakasawazisha, wakapanga mawe pembeni na kuyapaka chokaa. Siku za baraza wanaume waliitwa wakakalishwa juani. Siku nyingine zote mwenyeji hakuruhusiwa kuvuka yale mawe, na mwanamke hakuruhusiwa siku yoyote.

Nuriya akiwa na miaka saba alimfukuza mbuzi akajikuta ndani ya mawe. Adhabu akapewa babake: wiki nzima kung'oa nyasi hapo hapo, juu ya msingi wa nyumba ya mkwewe.

"Babangu hakunigombeza," akaniambia. "Angenigombeza ningesahau."

Ulipokuja Uhuru watu walicheza ngoma uwanjani hadi vumbi likafunika mji, na yeye alicheza, lakini kandoni. Ofisi za serikali zikahamia bara, bendera ikaondoka na mlingoti ukaliwa na mchwa. Uwanja ukabaki wa mpira na wa swala ya Idd. Wanaume mbele, sisi wanawake nyuma, na Bi Nuriya nyuma yetu sote, mkeka wake nje ya mawe. Safu yake ilikuwa ya mtu mmoja.

Mwaka wa tisini na nane akaja Mukhtar, mfanyabiashara wa Garsen, na vigingi na kamba. Alitaka kujenga safu ya maduka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja nyumbani na sukari, akavua viatu, akasema kwa adabu:

"Mama, mahali pale ni penu. Waambie wazee hivyo tu, wanipe ruhusa nijenge. Nami nitakujengea chumba cha bati juu ya msingi wa bibi yako, ukae mpaka siku Mungu atakapokuita."

Siku tatu Bi Nuriya alilala akitazama paa. Nami nakiri, katika dua zangu nilimwombea akubali, maana nilichoka kuhamisha kitanda.

Siku ya baraza chifu akamwuliza, "Mama, hebu tuonyeshe. Nyumba ilikuwa wapi?"

Mamake alikuwa amemfundisha: kutoka kisimani, elekea kibla, hatua arobaini, uko mlangoni. Akauzunguka uwanja kama kawaida yake mpaka kisimani, kisha akasimama mbele ya mawe. Tukangoja. Nikamwona midomo inasema bismillahi. Akavuka.

"Leo mzungu atakoma!" akapiga kelele Jilo, yule wa mashine ya kusaga, na baraza zima likaangua kicheko. Bi Nuriya hakugeuka. Alikuwa akihesabu kwa sauti. Arobaini ilipotimia akafukua mchanga kwa mguu, likatokea jiwe la kizingiti, limelika katikati kwa nyayo za watu.

"Wazee, mmeshuhudia!" akasema Mukhtar.

"Mmeshuhudia," akasema Bi Nuriya. "Hapa ni kwa bibi yangu, sisemi uwongo. Lakini alikuwa na majirani. Nani anawajua leo? Mkinipa mimi changu, wao chao atapewa nani? Tulinyang'anywa sote. Basi uwe wetu sote."

"Na chumba, Mama?" Mukhtar akauliza, kwa upole.

"Chumba nakitaka, mwanangu, kwangu kunavuja. Lakini ukijenga hapa, watu watauzunguka. Kuzunguka nakujua mimi. Simtakii mtu."

Wazee wakanong'onezana kidogo, kisha vigingi vikang'olewa. Mukhtar alijenga kando ya barabara. Paa letu liliendelea kuvuja mpaka nilipopata makuti mapya.

Idd iliyofuata Bi Nuriya alitandika mkeka kando ya lile jiwe. Kumbe lilikuwa palepale kwenye safu yetu ya wanawake, na miaka yote wanawake walikuwa wakisujudu juu yake bila kujua. Tuliswali bega kwa bega.

Ni suna siku ya Idd kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Tulikuwa tumekuja kwa kuzunguka. Swala ilipokwisha nikakunja mikeka, nikashika njia ya kandoni kwa mazoea.

"Hasina, wapi huko?" akaniita. "Ndia ni hii."

Akapita katikati, polepole, akipeana mikono ya Idd na kila aliyekutana naye.