Safari ya Baiskeli Kwenda Ziwani

Harufu ya solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, hainiachi salama hata leo. Nikipita kwa fundi baiskeli, yeye kainamia tyubu yake na karai la maji, kabla sijamsalimia nimekwisha kuwa mtoto tena. Nimekaa juu ya keria, nimemshika baba kiunoni, shati lake limelowa jasho mgongoni. Wajukuu wangu wakiniona napangusa macho hudhani bibi ana mafua. Waache wadhani hivyo.

Tulikaa Izia, pembeni mwa Sumbawanga, enzi za Mwingereza, wakati Izia ilikuwa zaidi mashamba ya mahindi na ulezi kuliko nyumba. Baba alikuwa mkulima, Mkatoliki wa kufunga na kusali, na baada ya mavuno mengi alijipatia baiskeli ya kiume, nyeusi, yenye kengele. Jamani, baba na baiskeli yake! Ililala ndani pakavu, sisi tukajibanza tulivyoweza. Aliifuta kila jioni kwa kitambaa ambacho mama hakuruhusiwa kukigusa. Mama alikuwa akisema akizaliwa mara ya pili ataomba azaliwe na magurudumu, huenda naye akapata wa kumfutafuta. Baba alicheka, akaendelea kufuta.

Nilikuwa na kaka mmoja, Deo. Wengine mama aliwazika wangali wachanga, kwa hiyo nyumba nzima ilimtazama yeye. Alipopata ndevu za kwanza alituaga kwamba anateremka Kipili, ziwani, kutafuta kibarua cha kupakia mizigo melini. Mama alilia, baba akamwombea, mimi nikamsindikiza mpaka barabarani.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu. Ufipa iko juu. Ukitoka huko kwenda popote unateremka, na ukiteremka sana unakuta maji. Upande jua linakozama kuna Ziwa Tanganyika. Upande linakochomoza, nyuma ya milima ya Mbizi, kuna Ziwa Rukwa. Lakini mtu wa kwetu hakujisumbua kutaja majina. Alisema tu fulani ameteremka ziwani, na msikilizaji akajua ni lipi, kwa kuwa alimjua huyo fulani na shughuli zake. Ndivyo tulivyoongea, wala hatukuona kasoro.

Siku moja baba alinichukua mjini kununua chumvi kwa Mzee Seif, Mwislamu mwenye duka na lori lake moja. Nilikuwa mdomo wa baba, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi na kiberiti, basi. Mimi nilikuwa nasoma shule ya misheni, nikajiona mkalimani wa Gavana. Mzee Seif alipotuona aliweka mizani chini. Alisema kuna dereva mgeni kapita asubuhi akielekea Mbeya, ameacha salamu.

"Kijana wako yuko ziwani," alisema. "Homa imembana vibaya. Anakuita, na ameomba uwahi."

Nikamgeuzia baba kwa Kifipa, neno kwa neno. Baba alishukuru, akaiacha chumvi pale pale juu ya meza. Sisi watu wa juu tulikuwa tunaiogopa homa ya bondeni kuliko simba. Simba unaweza kumsikia.

Mama alitaka kwenda yeye. Alishika keria kwa mikono miwili, akasema mtoto ni wake. Baba alimjibu kwa upole kwamba pwani ya ziwa kumejaa watu wa kila kabila, na keria ni ya mtu mmoja: wakiniacha mimi nyumbani, nani atawasemea? Mama akaachia keria, akatufungia ugali wa ulezi na chupa ndogo ya maji ya baraka, tukaondoka.

Nisiwadanganye, ile safari ilikuwa nzuri. Nasema hivyo huku naumia, lakini ndiyo kweli. Barabara ilikuwa ya changarawe, nyekundu, inapanda kilima na kushuka kilima, na nyasi zimelala kwa upepo pande zote mbili. Penye kupanda baba alisimama juu ya pedali mpaka akaishiwa pumzi, kisha tukashuka na kusukuma. Penye kuteremka alikuwa haziamini breki za Mzungu. Alikuwa akiburuza miguu chini, makatambuga yake ya tairi yakitoa vumbi na harufu ya kuungua, na mimi nyuma nacheka mpaka tumbo linauma. Changarawe ziliruka zikanigonga vifundo vya miguu. Watu waliokuwa njiani walijitenga pembeni kutusalimu, na baba, ambaye akiwa kwa miguu asingempita mtu bila kupiga magoti na kuuliza habari za nyumba yote, safari hii alipiga kengele tu tukapita.

Mahali fulani tulikuta shamba la misheni la mizabibu, limepandwa kwa mistari kwenye mteremko, la kutengenezea divai ya misa. Tuliomba maji. Mlinzi wa shamba akanipa kishada kimoja. Baba alishtuka, akaniagiza nimwulize kama si dhambi kula kitu hicho bila kuungama. Mlinzi akasema zabibu ikiwa bado mtini ni tunda kama fenesi. Baba hakuridhika, akapiga ishara ya msalaba kwa niaba yangu. Zilikuwa chachu kupita maelezo, nikazimaliza zote.

Baada ya Namanyere nyasi ziliisha, tukaingia kwenye msitu wa miombo, barabara ikaanza kuanguka kuelekea ziwani. Mbung'o walituandama. Tulipata pancha, baba akaziba, akapuliza gundi ikauke haraka huku midomo yake inatembea, na sikujua kama anapuliza au anasali. Joto lilipanda. Kila mteremko ulipoisha alikuwa akisema, "Tumemkaribia," nami nikimwamini.

Kipili tulifika siku ya tatu, jua likiwa bado juu. Nikauliza kwa wapakiaji mizigo, nikauliza kwa wavuvi, baba nyuma yangu kashika usukani kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Wengi walitikisa kichwa. Mmoja akamkumbuka Deo. Alikuja kweli, alisema, akakuta vibarua wametosha, akaondoka zamani. Aliwaaga kwamba anakwenda kujaribu kazi ya serikali ya kuua nzige.

Sikuelewa. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa alielewa kabla yetu. Alisimama, akajifuta mikono kwa kanga.

"Mwanangu," aliniambia, "muulize baba yako. Waliompa habari walisema ziwa lipi?"

Nzige walikuwa wanauliwa bonde la Rukwa. Kila mtu Ufipa alijua hivyo. Rukwa, ambayo kutoka mlangoni kwetu ungevuka Mbizi tu na kuteremka, mama angefika kwa miguu yake kabla ya jua kuzama.

Ilinibidi niligeuze lile swali kwa Kifipa. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu Mzee Seif, hakumlaumu dereva. Aliigeuza baiskeli ikatazama tulikotoka.

Kurudi ilikuwa kupanda. Alisukuma mpaka viganja vikatoka malengelenge. Gundi iliisha, pancha nyingine ikaja, akang'oa majani akayashindilia ndani ya tairi, tukaendelea kugongagonga juu ya changarawe. Nilimwambia nina njaa, hakunisikia. Tulipita lile shamba la mizabibu bila kugeuza shingo. Nilitaka kulia, ila niliogopa kumchelewesha.

Tulipoiona nyumba yetu tuliona na watu wamekaa chini nje, wengi, na wanawake wamejifunga kanga viunoni. Baba akasimama. Alilaza baiskeli katikati ya njia, yeye ambaye hakuwahi kuilaza chini, akatembea.

Vijana wawili waliofanya kazi na Deo walikuwa wamepanda kutoka bondeni kuleta blanketi lake. Walikuwa wamekwisha kumzika. Hawakuwa Wafipa, walizungumza Kiswahili, nami nikasogea nimsemee baba, akanizuia kwa mkono.

"Tulikusubiri, mzee," mmoja alisema. "Mlikuwa wapi?"

Baba akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake kile kile.

"Ziwani."

Mama alikuwa amelikumbatia blanketi, hakuinua uso. Yule kijana akaona vibaya, akatafuta neno la kutupoza. Akasema Deo hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Kila walipomtazama alisema baba ana baiskeli, atafika tu. Hata pale sauti ilipokauka aliomba wamlaze akitazama njia ya kupandia mlimani.

Mimi lilinifariji, na kwa miaka mingi nilijifunika nalo: kaka yangu alikufa akituamini. Nilishangaa kwa nini baba alipolisikia aliinuka, akaenda nyuma ya ghala la ulezi, akatapika. Nilishangaa pia kwa nini hakulizungumza mpaka anakufa.

Sasa nimezaa, na nimezika. Najua. Angeambiwa kwamba Deo alikufa akimlaani, akidhani amempuuza, angeweza kuishi nalo. Alichoambiwa ni kwamba mwanawe alilala akiitazama njia, ana hakika, siku zile zile ambazo yeye alikuwa anakanyaga pedali kwa nguvu zake zote, kumkimbia.