Swali la Mama wa Nyanya

Mie uandishi sikuusomea. Niliingia redio ya mtaani kwa kidomodomo changu tu na cheti cha kidato cha nne, na kwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza. Sheria ilipotaka stashahada ndipo mtu apate kitambulisho cha uandishi, mhariri wangu hakuzunguka: kasome, la sivyo nafasi yako anapewa mwingine. Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikajiandikisha chuo, mtu mzima na akili zangu, dawati moja na vitoto vinavyoniita mama.

Mkufunzi alitufundisha kwamba kuna nchi mwandishi haombi kibali kwa yeyote, na kuna nchi ukikutwa na kinasa sauti bila kadi unalala ndani. Nikaenda na hoja hiyo kwa jirani yangu muuguzi, ambaye leseni yake ipo ukutani sebuleni. Akanicheka. "Shoga, mie nikikosea sindano mtu anakufa. Wewe je?" Nikamwambia na mie nikikosea mtu anaumia. "Basi kasome, acha kunipigia kelele." Khaa! Ilinikera siku nzima.

Katikati ya masomo hayo, ikatangazwa kwamba kisoko chetu huku Tandale kitafungwa kikarabatiwe. Wauzaji wakaitwa mkutano ukumbini. Walitaka kujua jambo moja tu: ukarabati ukiisha, watarudi kwenye vizimba vyao au watapewa wengine? Nikafika mapema na swali langu nimeliandika kwenye karatasi. Mlinzi wa mlangoni akasema waandishi ni wenye vitambulisho tu. Nikambembeleza, nikamfokea, wapi!

Mama mmoja muuza nyanya, niliyekuwaga namhoji kila bei ikipanda, akanikuta pale nimenuna.

"Shikamoo mama. Wamenizuia, na swali ninalo."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee."

Nikamsomea mara mbili. Akatikisa kichwa kukubali, akaingia.

Nikajibanza dirishani. Aliponyanyuka hakuuliza langu hata kidogo. Langu lilikuwa na "mchakato" na "wadau" ndani yake. Yeye alisema, "Baba, majina yetu mmeyaandika wapi? Tuonyesheni hilo daftari."

Ofisa aliyeongoza mkutano akamuuliza, "Mama, kwani wewe ni mwandishi?"

"Mie nauza nyanya. Kizimba changu, nisiulize?"

Daftari halikuwepo. Watu walikataa kutoka mpaka likaanza kuandikwa palepale, jina kwa jina, na la kwanza likawa lake. Habari ile nilimpa mhariri akaisoma hewani yeye, jina langu halikutajwa. Sikujali. Nafsi yangu ilikuwa inamshukuru yule mama, na ilikuwa inaona aibu kidogo kwa ule "mchakato" wangu.

Nilimaliza chuo, kitambulisho kikatoka. Siku hiyohiyo nikaenda nacho sokoni. Vizimba vilikuwa vipya, naye yuko kwenye chake, nyanya zimepangwa mafungu mafungu. Nilitaka kumwambia ahsante vizuri, kama mtu aliyesoma. Nikaishia kulia.

Akafuta mikono kwenye kanga, akakishika kitambulisho, akaitazama picha yangu kwa muda.

"Hongera mwanangu. Sasa uwe unaingia mwenyewe, mie nimechoka kukuulizia."