Mkono Usiofika Sikioni

Dada yangu amefagia veranda ya shule ile kwa miaka ishirini na miwili, na hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Mimi mdogo wake wa kike nilisoma darasa la kwanza mpaka la saba, nikamaliza wa tatu, na cheti changu kipo mpaka leo kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Tumetoka tumbo moja, tumelala mkeka mmoja. Walimu wanamwita Bi Fagio, na yeye anaitika. Mimi nikisikia, natamani kutema mate.

"Waache waniite," huniambia. "Mradi mshahara unakuja kwa jina langu."

Ninayoyaeleza hapa ni ya siku ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza mwaka huu. Nilikuwepo. Tangu siku hiyo nikiliona tu geti la shule, nageuza uso.

Dada ana mjukuu wa kike, mtoto wa binti yake. Tunamwita Kijiti kwa wembamba wake. Miaka saba ameshatimiza. Mwaka jana walimkataa, na safari hii baba yake alikuwa ameshatoa hukumu, mbele yetu sote, huku akichokonoa meno: "Wakimkataa tena, Ijumaa anapanda basi anakwenda kwa dada yangu kumlelea mtoto. Hawezi kukaa nyumbani bure."

Bure! Mtoto anayechota maji na kuosha masufuria ya jana, yeye baba mtu bado hajageuka ubavu wa pili.

Mama yake Kijiti alikuwa mzazi wa siku nne, kwa hiyo nikampeleka mimi. Jioni ya kuamkia siku hiyo mama yake alimsuka akiwa amekaa kitandani, mafundo manne manene juu ya utosi, yamekazwa kwa uzi mweusi, ili mwanawe aende mbele za watu akiwa nadhifu. Kina mama wote hufanya hivyo. Mvulana ananyolewa kipara, msichana anasukwa.

Shuleni pale mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, na wengi hawana, hupimwa kwa mkono. Anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la kushoto, amefikisha umri. Visipogusa, arudi mwakani.

Mwalimu wa kuandikisha alikuwa ameweka meza verandani. Kijana, suruali imepigwa pasi hadi ule mstari ungeweza kukata sabuni. Nyuma yake dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na ndani walikaa wanakamati pamoja na mwalimu mkuu, wakijadili kwa nini wasichana wanaoandikishwa ni wachache. Mwaka jana wavulana sitini na mmoja, wasichana kumi na tisa. Dada aliwapelekea chai, akatoka na trei tupu, akaja kuninong'oneza pale kwenye foleni.

"Wanasema wazazi hatuna mwamko."

"Kasema nani?"

"Yule mwenye biskuti mbili mdomoni."

Zamu yetu ikafika. Kijiti akapitisha mkono. Mkono ukapanda mlima wa nywele, ukashuka upande wa pili, vidole vikabaki vinaning'inia, sikio liko hapo hapo, upana wa kidole kimoja tu. Akajinyoosha mpaka akasimama kwa ncha za vidole vya miguu.

"Mwakani," mwalimu akasema. Hakuinua hata macho. "Anayefuata!"

Baba yake Kijiti, aliyekuwa ametufuata na kuegemea nguzo kama mtu anayesubiri kinyozi, akatoa simu. "Basi ngoja nimwambie dada aje kumpokea stendi." Alikuwa anatabasamu. Nimeshaona mambo mengi ya kutia kinyaa katika maisha yangu, lakini tabasamu lile sijalipatia mfano.

Aliyefuata alikuwa msichana mwenye mapunye. Walikuwa wamemnyoa kichwa chote na kumpaka dawa ya zambarau, na mama yake kwa aibu alikuwa akimfunikafunika kwa kitambaa. Alikuwa mfupi, kichwa chake kinaishia begani kwa Kijiti. Kitambaa kikatolewa, mkono ukapita, vidole vikashika sikio vizuri kabisa.

"Huyu sawa," mwalimu akasema, akaandika.

Dada alikuwa bado amesimama na trei yake. Akamtazama yule mtoto, akamtazama Kijiti, kisha akanigeukia mimi.

"Mdogo wangu, wewe walikunyoa kwa nini?"

"Lini?"

"Ule mwaka tuliopelekwa pamoja kuandikishwa."

Nilikuwa na miaka sita, yeye minane. Mama alininyoa kwa sababu ya chawa. Nywele za dada zilikuwa nzuri mno, mama akashindwa kuzitia wembe, akamsuka. Mimi nikapita, yeye akaambiwa mwakani. Mwakani akasukwa tena, akaambiwa hivyo hivyo. Mwaka wa tatu wakasema ameshapita umri, na huo ukawa mwisho wa habari. Zaidi ya miaka hamsini nimetembea nikijua kwamba mimi ndiye niliyezaliwa na kichwa cha shule. Akili ninazo, sikatai, lakini mlango nilifunguliwa na chawa.

Dada hakunipa nafasi ya kulia. Alimkalisha Kijiti kwenye ngazi, akashika mafundo mawili ya kulia. "Wewe fumua ya kushoto. Haraka."

Tukafumua. Uzi tuliung'ata kwa meno. Dada akachota maji ya bomba kwa kiganja, akazilaza nywele mpaka zikashikana na fuvu, kisha akamshika mtoto mkono na kumrudisha mezani, mbele ya foleni nzima.

"Huyu nimeshampima," mwalimu akasema.

"Ulipima nywele. Sasa mpime mtoto."

"Bi Fagio, usinifundishe kazi. Nenda kaendelee na usafi."

"Usafi ndio huu ninaoufanya. Kijiti, mkono!"

Mkono ukapita, na vidole vikashika sikio lote, na ndewe juu yake. Foleni ikapiga kelele. Mwalimu akasema sheria ni kupima mara moja. Dada akamuuliza hiyo sheria imeandikwa wapi, ailete, mimi mdogo wake nipo hapa najua kusoma. Watu wakacheka, na kwa kelele zile wanakamati wakatoka ofisini na vikombe vyao. Mbele yao kijana wa watu akaandika.

Hapo kina mama wakaanza. Mmoja akamvuta binti yake pembeni akafumua, wa pili, wa tatu, na waliokuwa wameshafika getini wakarudi mbio. Mpaka saa sita wasichana thelathini na wanne walikuwa wameandikishwa.

Mngedhani dada alipewa hata kiti. Mwalimu mkuu alimwita ofisini akamwambia amemdhalilisha mwalimu hadharani. Aombe radhi, ndipo jina la mjukuu wake litanakiliwa kwenye daftari kubwa. Mimi nilikuwa dirishani. Nilimwona dada yangu, mwanamke mwenye mvi, ameshika mikono nyuma, akimwomba radhi yule kijana wa kuandikisha, mtoto wa juzi. Na yule mwenye biskuti alikuwa akisoma kwa sauti ripoti ya kikao: kutokana na juhudi za kamati, mwamko wa wazazi umeongezeka.

Alipotoka nilimrukia. "Umeomba radhi kwa kosa gani?"

"Hakulitaja na mimi sikuuliza. Ingia ndani ukaniangalizie kama wameandika. Mimi siwezi kusoma."

Niliingia bila kubisha hodi. Nikaligeuza daftari pale pale mezani kwa mwalimu mkuu, nikapitisha kidole mstari kwa mstari, nikasoma jina lote la mtoto, la baba na la babu, kwa sauti ya darasani. Lilikuwa limeandikwa kwa wino.

Nje baba yake Kijiti alikuwa bado na simu mkononi. "Sasa mama, dada yangu nimwambieje? Nani atamlelea?"

"Dada yako ana mikono miwili," dada akamjibu, "na wewe miwili. Hiyo minne inatosha mtoto mmoja. Basi la Ijumaa panda wewe."

Akaondoka ananung'unika. Dada akaniambia nipunguze hasira, mtoto ameshaingia. Nimejaribu. Lakini dada ana miaka ishirini na miwili verandani pale, na kila mwaka nimekuwa nikipita barabara ile, nikiwaona wasichana waliosukwa wanarudishwa nyumbani wakilia, na mimi mwenye cheti nikisema moyoni kwamba watakuwa hawajafika umri.