Uso Tumboni mwa Birika

Mtaani walimwita Brashi. Kwa miaka mingi ndiye aliyechora mabango ya saluni na vinyozi, na mkono wake ulizoea sura za mabango: kila uso ulitoka na nyusi zilizotindwa na kidevu chembamba. Ndiyo maana, binti yake wa pekee, Kibonge, alipofariki akiwa bado mdogo, na simu yenye picha zake zote ikaibwa hospitalini wiki hiyohiyo, picha ya mtoto aliyomchorea mkewe ilitoka msichana wa saluni.

"Huyu si Kibonge," mkewe alisema siku ile. "Kibonge wangu alikuwa na mashavu."

Hata hivyo aliitundika, kwa kuwa hapakuwa na nyingine.

Brashi alijaribu tena, mwaka baada ya mwaka. Kila mara kidevu kilichongoka. Kazi nayo ilidoda, maana mabango sasa yalichapwa kwa mashine.

"Usiilaumu mashine, fundi," kinyozi jirani alimtania. "Kichwa ulichonichorea mlangoni hakuna mteja aliyewahi kufanana nacho. Wakitoka hapa wananigombeza mimi."

Asubuhi moja Brashi aliinama kumimina chai. Birika lilikuwa limetoka kusuguliwa kwa majivu, linang'aa. Tumboni mwake akamwona Kibonge: mashavu yamejaa, macho yamemezwa, kidevu hakuna. Alipotikisa kichwa, naye akatikisa. Ulikuwa uso wake mwenyewe, umetanuliwa na uviringo wa birika. Lakini si watu wote walikuwa wakisema mtoto kamchukua baba yake mzimamzima?

Chai aliisahau. Akavuta ubao wa bango la zamani, akachora akichungulia birika, akipangusa mvuke kwa mkono wa shati. Kwa mara ya kwanza mkono haukumbishia. Alipomaliza alikuwa analia bila sauti. Akamwita mkewe.

Mkewe alikuja akijifuta mikono kwenye gauni, akasimama mbele ya ubao.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Mtazame vizuri, mama."

"Namtazama. Ana mashavu mazuri. Nani kakuagiza?"

"Ni Kibonge."

Mkewe akageukia ukuta, kwa yule msichana wa saluni ambaye mama huyu kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulala bila kumuaga.

"Kibonge si yule pale, Baba Kibonge? Hebu kunywa chai, umechoka."

"Siku ile ulisema si yeye."

"Nilisema hivyo mimi?" Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa na majonzi, baba. Hata macho yalikuwa hayaoni."

Akarudi kwenye vyombo vyake.

Brashi akainama tena juu ya birika. Safari hii aliona mzee aliyevimba mashavu, basi. Akainua macho ukutani amtafute mwanawe huko, na yule msichana wa kidevu chembamba akamtazama kama mtu wa nyumbani.