Mpwa Wangu Pei-shan na Uzi wa Mzee wa Mwezi

Hapa Tainan, Taiwan, nimewaozesha watu wengi, hata nikipita sokoni wake wananisalimu na waume wananikwepa. Aliyenishinda ni mmoja tu: Pei-shan, binti wa dada yangu Kim-ha.

Kazi yake ni kutoa miiba ya samaki aina ya mwatiko. Huifanya ameziba masikio, maana makelele ya soko yanamuumiza. Hakutazami machoni. Ukimuuliza kama umenenepa, anakujibu. Daktari alisema ni usonji. Nikasema sawa, wapo wanaume wanaotamani mke asiye na maneno mengi.

"Mjomba, sitaki mwanaume."

"Una mwanamke? Sema tu, mimi mtu wa kisasa."

"Wala mwanamke. Sina hamu ya kulala na mtu. Sijawahi kuwa nayo."

"Ni huo usonji umekuzibia!"

"Haujaziba kitu. Kwenye kundi letu la wenye usonji tuko wengi wa hivi, na wengine wana wenza na watoto. Wewe una kisukari na una upara, Mjomba. Kipi kilileta kipi?"

Dada alicheka chai ikampalia. Mimi nikavaa kofia.

Lakini dada hakuacha kumtafutia mume. Kila Jumapili alimvalisha gauni, akampeleka kula na mwanaume asiyemjua, na binti alirudi hoi, akajifungia chumbani. Mwisho dada akasema: "Twende kwa Mzee wa Mwezi. Akitunyima uzi, nakuacha. Akitupa, unaolewa."

Mzee huyo ndiye mungu anayefunga wachumba kwa uzi mwekundu. Unaomba, unarusha vibao viwili; kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amekubali.

"Niachieni mimi," nikasema. "Yule tunajuana."

Nikarusha. Akakubali mara moja! Nikachukua uzi, nikamtazama binti kwa madaha. Alikuwa anapepesa vidole kwa kasi, kama afanyavyo akizidiwa. Madaha yakaniisha.

Akaokota vibao. "Mzee, mimi ni Pei-shan, ninakaa nyuma ya soko la samaki. Asante kwa uzi. Mimi haunifai. Naweza kumpa anayeutaka?"

Akarusha. Kimoja chali, kingine kifudifudi.

Akanitia uzi mfukoni mwa shati.

"We mtoto! Mimi?"

"Tangu ufiwe na mke, kila jioni unakula kwetu ukilia upweke. Unautaka. Mimi siutaki."

"Kim-ha, mwambie mwanao!"

Dada aliutazama uzi, akanitazama mimi kuanzia kofia hadi viatu, kama anayekagua samaki. "Mungu ameshasema," akanena. "Na wewe ndoa unaipenda sana, kaka."

Sasa Pei-shan Jumapili zake ni zake. Hulala mpaka saa nne, hakuna wa kumgongea mlango. Mimi jana dada alinikalisha na mjane muuza ubani, shati limenikaba koo, na yule mama akaniuliza meno haya ni yangu au ya duka.