Vali ya India na Juisi ya Kilolo

Kabla sijaugua sikuwahi kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Nilizaliwa Kilolo, nikaacha shule nikiwa darasa la sita kwa sababu malori yalikuwa yakienda Zambia na mimi nilitaka kujua yanakwenda kufanya nini huko. Nimekuwa utingo. Nimepasua mbao Mufindi, nimechimba viazi Mbeya, nimeuza parachichi Tunduma. Sikuwa na mke wala kitanda changu mwenyewe. Nilikuwa na mapafu mazuri na maswali mengi, na nilidhani mtu wa namna hiyo haugui.

Ugonjwa ulinikuta Nyololo, tukipakia mbao. Mmoja husimama juu ya lori, mwingine humpandishia mbao kutoka begani. Siku hiyo nilipandisha chache tu, nikaona pumzi haifiki chini. Ilikuwa kama mtu amenikalia kifuani. Nikaketi juu ya gogo. Wenzangu wakacheka.

"Festo, ulanzi wa jana huo! Umechacha tumboni!"

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, sikuwa nimeugusa. Nikakohoa, nikatema povu la rangi ya waridi. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Kwetu mtu akitema damu, ugonjwa hupewa jina kabla mgonjwa hajafika hospitali. Wote walisema ni kifua kikuu. Nilipima makohozi, hayakuwa na kitu. Nikapima tena, hayakuwa na kitu. Huku nyuma mwili uliendelea kuharibika. Miguu ilivimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Tumbo lilijaa maji. Hata sehemu za siri zilivimba, nikawa natembea nimetanua miguu kama mtoto aliyefungwa nepi. Nikilala chali nilihisi ninazama, kwa hiyo nililala nimekaa, nimeegemea gunia la pumba.

Nikarudi Mbeya, ambako zamani nilimbebea mizigo Bi Zuhura, mfanyabiashara wa vitenge pale Mwanjelwa. Wazazi wake walitoka Pwani. Ni mjane, na mdomo wake hauna kufuli. Alinitazama kuanzia miguuni kupanda juu.

"Wewe kijana, hicho si kifua. Marehemu mume wangu alivimba hivyo hivyo. Huo ni moyo. Panda bajaji twende."

Daktari alinipaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kifaa cha kupiga picha ya moyo. Nilimwomba ageuze skrini.

"Unataka kuona nini?"

"Moyo wangu, daktari. Sijawahi kuuona."

Akaigeuza. Akanionyesha kitu kinachorukaruka, akaweka kidole katikati yake. "Hii ni vali, mlango wa damu. Ilitakiwa ifunguke kama mlango wa nyumba. Yako inafunguka kama tundu la ufunguo. Ulipokuwa mdogo uliwahi kuumwa koo, halafu viungo vikavimba?"

Niliwahi. Mama alinikanda kwa maji ya moto, nikapona, nikasahau.

"Ilianzia hapo. Nitakupa dawa za kupunguza maji mwilini, lakini vidonge haviwezi kufungua mlango huu. Unahitaji vali mpya."

"Na nisipoipata?"

Alifuta kile kifaa kwanza, akakirudisha mahali pake. "Sikuahidi kwamba utaziona mvua zijazo."

Upasuaji huo hufanyika Dar es Salaam, lakini foleni ilikuwa ndefu na zamu yangu ilikuwa mbali. Hospitali moja ya binafsi niliyoulizia ilitaja bei iliyonifanya nicheke, na kucheka kwenyewe kulinikata pumzi. Bi Zuhura akasema niende India. Mume wake alitibiwa huko.

"Si ulisema ni marehemu?"

"Aligongwa na pikipiki, miaka mingi baadaye. India haihusiki na pikipiki ya Mbeya!"

Aliwapigia watu anaowajua. Bei ya India, pamoja na tiketi na chumba cha kupanga, ilikuwa chini ya ile ya hospitali ya binafsi. Nilimuuliza inakuwaje mtu avuke bahari ndipo bei ishuke. Akasema, "Wao wanapasua mioyo kutwa kucha kama wewe unavyopasua mbao. Kitu kikiwa kingi, bei inalegea."

Hata hivyo sikuwa na kitu. Aliyekuwa nacho ni dada yangu Lea, aliyenilea baada ya wazazi kufariki. Baba alituachia shamba la miti ya mbao Kilolo. Ilikuwa haijakomaa, lakini Lea alimwita mnunuzi akaichukua yote ikiwa bado imesimama. Nilimkataza. Akanijibu, "Miti inaota tena, Festo. Wewe sijui kama unaota." Tulielewana bila kusema zaidi: miti ile ilikuwa safari moja tu. Ya pili isingekuwepo.

Tulisafiri wawili, mimi na Lea. Kwenye ndege miguu ilijaa mpaka nikavua viatu, na sikuweza kuvivaa tena. Nilishuka India na soksi.

Hospitalini kulikuwa na mkalimani, kijana wa Unguja aliyeoa huko. Nilimchosha. Nilitaka nionyeshwe vali kabla ya kuwekewa, wakaniletea ya mfano: kiduara cheusi chenye vijibawa viwili, chepesi kama kifungo cha koti. Nilitaka kujua mfupa wa kifua unakatwaje. Kwa msumeno, akasema. Nikauliza ni wa meno makubwa au madogo. Daktari mpasuaji akamwuliza mkalimani kitu, wakacheka wote wawili.

"Anauliza kama wewe ni mwalimu."

"Mwambie niliishia darasa la sita, ila mbao nazijua."

Siku ya upasuaji sikuwa na mzaha. Lea aliomba kwa Kihehe ili mkalimani asielewe anavyomlilia Mungu. Nilipozinduka nilikuwa na bomba kooni, mikono imefungwa kitandani, mirija miwili inatoa damu ubavuni na mwingine unatoa mkojo. Sikuweza kusema. Kiu ilikuwa mbaya kuliko maumivu. Bomba lilipotolewa nilitapika maji ya njano, na kila nikikohoa nilikumbatia mto mgumu ili kifua kisifunguke. Kisha nikasikia kitu ndani yangu: tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Lea aliinamisha sikio, akaruka nyuma.

"Mungu wangu, unasikika mpaka nje!"

Kabla ya kuruhusiwa, mpasuaji aliketi nasi. Vali ya namna hii, alisema, damu hupenda kugandia juu yake. Kwa hiyo nitameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, maisha yangu yote, na kupimwa damu kila nitakapopangiwa. Mboga za majani nile kwa kiasi kile kile, nisizizidishe ghafla, kwa sababu majani hupigana na dawa hiyo. Nikauliza itakuwaje yakishinda.

"Mlango utakwama," akasema. "Na ile sauti itakuwa ya kwanza kukuambia."

Tulirudi Kilolo, nikakaa kwa Lea. Kipimo cha kwanza Iringa mjini kilikuwa kizuri. Miguu ilikonda, nikapanda kilima bila kusimama. Mchungaji akapanga ibada ya shukrani.

Sasa, kwetu aliyetoka kupasuliwa haachwi peke yake. Watu huja kumpa pole, na hawaji mikono mitupu. Na kila mtu anajua kwamba aliyepasuliwa amemwaga damu, na aliyemwaga damu hunyweshwa juisi ya matembele: majani yanatwangwa mabichi, yanachujwa, na ndimu inakamuliwa juu yake. Mama Yustina, jirani yetu mzee, ndiye aliyeanza. Wanawake wa jumuiya wakapokezana. Kila asubuhi jagi la kijani, kila jioni jagi la kijani.

"Kunywa, mwanangu. Damu irudi."

Mimi nilikunywa, na Lea alisimama mpaka nimalize. Msidhani tulikuwa tumesahau maneno ya India. Mezani Lea alinipimia mboga kwa kijiko, na akiona mchicha umezidi anaupunguza. Lakini kwetu mboga ni kile unacholia ugali. Kilichokuwa kwenye jagi kilikuwa dawa ya damu. Hakuna aliyekiita mboga, hata mimi mwuliza maswali sikuuliza.

Asubuhi ya ibada nilikuwa nafunga vifungo vya shati. Nyumba ilikuwa kimya, wote wametangulia kanisani isipokuwa Lea. Nikahisi kuna kitu kimepungua. Nikasimama, nikasikiliza. Ile tik haikuwepo. Badala yake palikuwa na kishindo kizito, kama mlango unaofungwa juu ya kitambaa.

"Dada, hebu sikiliza."

Aliweka sikio. Alikaa hapo muda mrefu mno.

"Labda umenenepa," akasema, lakini tayari alikuwa ananivuta mkono tutoke.

Tulipofika uwanja wa kanisa pumzi ilikuwa imeanza kukatika. Kwaya ilikuwa inaimba jina langu. Nilimshika mchungaji mkono, nikamwambia sitashukuru leo, naomba gari. Alivua joho pale pale, akawasha gari mwenyewe. Njia nzima mpaka Iringa Lea aliniegemeza kifuani kwake, na yale mate ya waridi yakarudi. Niliyaficha kwenye leso. Aliyaona.

Iringa walinipima damu. Daktari akasema, "Ni kama humezi dawa kabisa." Lea akaapa kwamba namezeshwa kila siku mbele ya macho yake. Wakanichoma sindano, wakaniwekea oksijeni, gari la wagonjwa likanipeleka Mbeya kwa yule daktari wa skrini. Safari hiyo sikumwomba aigeuze. Aliigeuza mwenyewe. Kijibawa kimoja kilikuwa kinacheza. Kingine kilikuwa kimesimama.

"Kuna damu imeganda hapa. Nitaweka dawa ya kuiyeyusha. Inaweza kusababisha damu kuvuja kichwani, lazima niwaambie. Isipoyeyuka, kifua kitafunguliwa tena."

Lea aliniangalia. Hakuna aliyetaja miti.

"Umebadilisha nini kwenye chakula?" daktari akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Nakula kama nilivyoambiwa. Na juisi tu ya kuongeza damu."

"Juisi ya nini?"

Nilipotamka neno matembele nilijisikia mwenyewe, nikajua nimetaja mboga. Lea alijifunika uso kwa kitenge. "Nimemnywesha kwa mkono wangu," akasema. "Kwa mkono wangu huu."

Dawa iliingia tone kwa tone. Fizi zilitoka damu, mkojo ukawa mwekundu. Nilifumba macho, nikawa nasikiliza. Kishindo, kishindo, kishindo. Bi Zuhura alikuja kuniona, akakaa bila kusema kitu, nami nikaogopa zaidi, kwa sababu sijawahi kumwona kimya. Kisha, nikiwa nimekata tamaa ya kusikiliza, yeye ndiye aliyeinua kichwa.

"Nani ameleta saa humu ndani?"

Lea alianguka kwa magoti hapo hapo sakafuni.

Ibada ya shukrani ilifanyika baadaye, nilipokwisha kupata nguvu. Nilisimama mbele nikiwa na hofu mpya. Wanawake walionitwangia majani walikuwa wamekaa safu ya mbele. Nikasema ukweli wote, na juisi nikaitaja. Mama Yustina akasimama, fimbo mkononi.

"Kwa hiyo, Festo, tulikuwa tunakuua?"

"Hapana, mama. Mlinipenda. Ila mimi ndiye niliyekuwa na kidonge, nanyi hamkuambiwa kinapigana na nini."

Kabla hajaketi, mwanamke mmoja nyuma akainuka na mtoto mgongoni. Alisema mume wake damu ilimganda mguuni, anameza dawa kama yangu, na tangu wiki iliyopita anamtwangia matembele. Ibada ilisimama. Alipewa pikipiki ampeleke mume wake akapimwe damu, na Mama Yustina akapanda naye, aende akawaeleze wale waliomfundisha mwanamke huyo kutwanga.

Namshukuru Mungu, nawashukuru Lea, Bi Zuhura na madaktari wa pande zote mbili. Wewe unayefikiria kwenda kutibiwa mbali kwa sababu ni nafuu, nenda, mimi nilipona. Lakini uliza pia utakavyoishi ukirudi, na uwaeleze jirani zako, si ndugu zako tu. Usiache dawa, wala usiache mboga. Kula kwa kiasi, na pima damu. Na akija mtu na jagi, mpokee kwa mikono miwili, msalimie kwa Kihehe, kamwene mama, karibu ukae. Kisha muulize kilichomo ndani.