Sahihi Ni Yangu, Barua Si Yangu

Jina langu mlifiche, ingawa Kamina si kubwa na atakayenitambua anitambue, sina cha kuogopa tena. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto watano. Zamani nilikuwa mwalimu. Kwa miaka minane nimekuwa meneja wa timu ya mpira wa kikapu hapa mjini, yaani mimi ndiye ninayetafuta wachezaji, ninayeajiri kocha, ninayepanga safari. Nilipoanza, uwanja ulikuwa wa nyufa na mbuzi. Mistari yake niliichora mwenyewe kwa brashi, nimepiga magoti juani. Leo naandika kwa hasira, mnisamehe nikikosea.

Shida ilianza msimu huu. Tulipoteza mechi mbili mfululizo na rais wa klabu, mfanyabiashara tunayemwita Prezida, akataka kocha afukuzwe siku ileile. Nilikataa mbele ya kamati nzima. Nikamwambia kocha anafukuzwa na meneja, na meneja ni mimi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema polepole, "Patron, hii kiti unaikalaka, minyi njo nilikupatia. Usisahabu." Yaani kazi hii ni yeye aliyenipa. Nilijua tangu hapo kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, lakini nilidhani tutagombana uso kwa uso kama watu wazima. Nilikuwa mjinga.

Sasa lisikieni kosa langu, maana ninalo. Mwezi uliopita nilisafiri kwenda Bukama kuzungumza na mpakuaji mmoja wa samaki, mtu mrefu ajabu, niliyesikia anafaa kucheza katikati. Ligi yetu haipokei orodha ya wachezaji kabla ya mechi bila sahihi ya meneja na muhuri. Na treni yetu mnaijua, unaaga siku nne unarudi baada ya tisa. Basi nikafanya kama wanavyofanya ofisi nyingi za hapa. Nikachukua karatasi tatu tupu, nikatia sahihi chini, nikapiga muhuri, nikamwachia katibu wetu aje kujaza majina ya wachezaji. Katibu huyo ni dada mdogo wa mke wangu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, tena kwa kumpigania, Prezida hakumtaka.

Nilirudi siku ya kumi. Ofisini nikamkuta mkwe wa Prezida amekaa kwenye kiti changu, anakunywa chai kwa kikombe changu. Mtu ambaye mwaka jana aliniuliza kwa nini timu yetu haina golikipa! Kabla sijafungua kinywa, Prezida akatoka chumba cha ndani, akanishika bega kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Pole sana, Patron. Tulipata barua yako ya démission. Santé njo ya kwanza. Enda upumuzike."

"Barua gani?"

Akaitoa. Eti naacha kazi kwa sababu za kiafya, namshukuru sana Prezida kwa wema wake. Chini, sahihi yangu na muhuri.

"Signature iko yangu," nikasema, "lakini haya maneno haiko yangu!"

Akamtazama mkwewe, wakacheka. "Muntu mukubwa anawezaka kutia signature ku karatasi ya wazi? Ukisema vile ku bantu, batasema kweli uko mugonjwa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumapili, kanisani kwetu, mchungaji aliwaomba waumini wasimame waniombee uponyaji, nami nimekaa safu ya tatu na suti yangu, mzima kabisa. Sokoni wananong'onezana ni ugonjwa gani, na mnajua watu wakikosa jibu wanatunga lao. Timu moja ya Luena iliyokuwa ikinibembeleza sasa haipokei simu zangu. Miaka minane ya jasho langu imefutwa kwa aya moja ambayo hata sikuiandika!

Jumanne asubuhi shemeji yangu akaja nyumbani, akapiga magoti sebuleni. Alikiri ndiye aliyeipiga chapa barua ile. Prezida alimwambia achague, ajaze ile karatasi au tufukuzwe wote wawili.

"Shemeki, niko na batoto batatu, na bwana haiko. Ningefanya nini?"

"Ungenipigia simu!" Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Akalia, kisha akafungua Biblia yake akatoa karatasi. "Moja iliendaka ku mechi, moja njo ile barua. Hii ya tatu sikumupatia."

Ilikuwa bado tupu, sahihi yangu chini na muhuri vilevile, mahali palepale kama kwenye ile barua. Ushahidi wangu wote uko katika karatasi hiyo isiyo na neno hata moja.

Nilitaka kukimbia nayo kwa wanakamati. Mke wangu akasimama mlangoni. "Papa ya batoto, ukiionyesha, batauliza ilitoka wapi. Mudogo yangu njo batamufunga ku buloko, Prezida atasema hajue kitu. Kazi utapata ingine. Minyi mudogo ingine sitapata."

"Na jina langu?" nikamuuliza. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula mezani na kwenda kukaa jikoni.

Jumamosi hii kamati inakaa kumthibitisha mkwe wa Prezida katika kazi yangu. Nikiitoa karatasi, huenda kiti kikarudi na nyumba ikavunjika. Nikikaa kimya, Prezida, yule mwizi, atanisalimia kwa huruma mpaka nife. Shemeji mwenyewe nina hasira naye kiasi cha kutotaka kumwona, lakini watoto wake watatu wananiita baba, na juzi yule mdogo wao alikuja kulala kwetu kama kawaida, hajui lolote.

Karatasi ninayo mfukoni ninapoandika haya. Ninyi msio ndugu zangu wala ndugu za mke wangu, nipeni akili, nifanye nini kabla ya Jumamosi? Matusi nitavumilia. Ila nawaomba, asitokee hata mmoja wa kuniandikia pole na ugonjwa.